Kidonge kimepasuka tanurini? Rudi kwenye punje

Wakuu, mtu akitoa tanurini kidonge cha alumina, yaani kipande cha duara cha unga wa oksidi ya alumini ulioминywa kwa presi, akakuta kimepinda au kina ufa, cha kwanza kugusa ni programu ya tanuru. Anashusha joto, anapandisha, anaongeza masaa, anachoma tena, umeme unaliwa na ufa uko palepale. Mi nimehangaika hivo miezi kadhaa na vidonge vya kipenyo cha milimita 20 mpaka nikakubali kwamba tanuru lilikuwa linanionyesha tu kosa nililolifanya siku tatu nyuma kwenye beseni la kuchanganyia. Kwa hiyo hapa naanza na dalili unayoiona afu narudi nyuma nayo mpaka pale ilipozaliwa, na mara nyingi sana utakuta tunaishia kwenye punje.

Tuelewane maneno kwanza. Chembe ni unga wenyewe wa alumina, nusu mikroni hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mdogo kiasi kwamba hauwezi kumwagika, unagandana kama unga wa muhogo uliopata mvuke. Punje ni chembe nyingi zilizoshikamana kwa gundi zikawa kitu cha mikroni 60 hadi 250, kinachomwagika kama sukari. Presi inataka sukari, tanuru linataka unga laini, na kazi yetu yote ni kutengeneza punje inayomwagika vizuri lakini ikiminywa inavunjika na kusahau kwamba iliwahi kuwa punje.

Kabla hujalaumu kitu, pima hivi vitatu

Densiti, yaani uzito kwa ujazo, ya punje zikiwa zimemwagwa tu. Silinda ya mililita 50, faneli, mwaga bila kugonga, sawazisha juu, weka kwenye mizani. Alumina iliyokaa vizuri huwa inacheza kwenye gramu 1 hadi 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ikiwa chini sana ya hapo jua kuna ungaunga mwingi au punje ziko tupu ndani.

Unyevu. Gramu 10 za punje, oveni nyuzi 110, masaa mawili. Zikipungua gramu 0.05 una unyevu wa asilimia 0.5, na hapo uko salama. Mizani ya sonara inayosoma mpaka 0.01 inatosha, sio lazima ile ya maabara ya bei mbaya.

Densiti ya kidonge kibichi, yaani kilichominywa ila hakijachomwa. Vernia kwa kipenyo na unene, mizani kwa uzito. Alumina isiyo na tundu hata moja ni gramu 3.98 kwa sentimita ya ujazo, kidonge kibichi kizuri kinakuwa asilimia 55 hadi 60 ya hiyo, yaani kama 2.2 hadi 2.4. Andika namba hizi kwa kila bechi, maana bila namba ya jana huwezi kujua leo nini kimebadilika.

Vidonge havilingani uzito, punje zinashuka kwa kusitasita

Hii ni rahisi. Wengi tunachekecha punje kwa mkono, hatuna mnara wa kunyunyizia uji (mchanganyiko wa unga, maji na gundi) ukauke kwenye hewa ya moto, na punje za kuchekecha zina pembepembe na mavumbi mengi. Toa mavumbi yote yanayopita chekeche ya mikroni 63, usiyatupe, yarudishe kwenye uji wa bechi inayofuata. Zile zilizobaki ziweke kwenye chupa ya plastiki nusu, iviringishe taratibu dakika 10 au 15, pembe zinalika na punje zinakuwa duara zaidi. Afu chekecha tena. Hayo mavumbi usiyadharau, ndo yanaingia kati ya panchi (chuma kinachosukuma) na dai (tundu la chuma linalobeba punje) na kukwaruza chuma, na ndo yanayofungia hewa ndani, tutayakuta tena huko mbele.

Uji una mabuje

Kama umewahi kula ugali wenye mabuje unajua, nje pameiva ndani unga mkavu. Buje la alumina nalo hivohivo, ndani hakuna gundi, likifika tanurini linajikaza kivyake kabla ya jirani zake, linajivuta, linaacha mwanya pembeni yake kama nusu mwezi. Ule mwanya hautafungika hata uchome wiki nzima.

Sababu ya kwanza ni gundi iliyoyeyushwa vibaya. PVA, gundi tunayotumia (polivinili alkoholi), inanyunyizwa kwenye maji BARIDI huku unakoroga, ndo unapasha mpaka nyuzi 85 hadi 95 na kuendelea kukoroga mpaka maji yawe meupe ya kuona upande wa pili. Ukiimwaga kwenye maji ya moto inafanya madonge ya kamasi ambayo hayayeyuki tena kirahisi. Chuja kwa kitambaa kabla ya kutumia, kila mara, hata kama unaiona safi.

Sababu ya pili ni maji. Maji ya kisima yana chumvi za kalsiamu na magnesiamu, zinafanya chembe zigandane na dawa ya kutawanya, inayozuia chembe zisishikane, inashindwa kazi. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari, ila soma chupa vizuri maana dukani ukisema maji ya betri mwingine anakupa asidi na hiyo sio mchezo, itakuunguza mkono na bechi imekufa.

Sababu ya tatu inawapata sana waliotoka kwenye ufinyanzi. Kwenye kaolini, udongo mweupe wa ufinyanzi, hata ule wa Pugu, umezoea kulegeza uji kwa silikati ya sodiamu na inafanya kazi vizuri kabisa. Kwenye alumina safi usifanye hivo. Sodiamu inabaki ndani, inatengeneza aina nyingine ya fuwele yenye sodiamu, na kama kipande ni cha kuzuia umeme umekiharibu. Tafuta dawa ya jamii ya poliakrileti ya amonia, amonia inaondoka na moto haiachi kitu. Kiasi ni kidogo, nusu asilimia ya uzito wa unga ni pa kuanzia, na ukizidisha uji unarudi kuwa mzito, kwa hiyo ongeza tone tone huku unaangalia.

Kidonge kinaonekana kizuri ila kinavunjika kirahisi, na ukikivunja ndani unaona vipunje

Hapa naomba tukae kidogo maana ndo ugonjwa mkubwa kuliko yote na wengi hawaujui kwa sababu kwa nje hauonekani.

Chukua kidonge kibichi, kivunje katikati kwa mkono, angalia pale kilipovunjika kwa lenzi inayokuza mara 10. Ukiona uso mmoja laini kama chaki, uko vizuri. Ukiona viduara vimekaa kama mbegu za ulezi zilizobanwa pamoja, punje zako hazikuvunjika kwenye presi. Zilisogezana tu, na kati ya punje na punje pamebaki mianya. Tundu dogo lililozungukwa na chembe chache linajifunga tanurini, tundu kubwa lililozungukwa na chembe nyingi halijifungi, linabaki, na siku kipande kikibeba mzigo ufa unaanzia hapo.

Kwa nini punje zimekuwa ngumu? PVA ikiwa kavu kabisa kwenye joto la kawaida inakuwa kama kioo, inataka ifike nyuzi 70 au 80 hivi ndo ilegee. Sasa wewe unaminya kwenye nyuzi 28. Unaisaidia kwa vitu viwili, maji kidogo na PEG (polietilini glaikoli), kilainishi cha gundi. Nikitumia gramu 2 za PVA kwa gramu 100 za alumina naweka PEG 400 kama gramu 0.4, yaani moja ya tano ya gundi. Maji yanatoka kwenye hewa yenyewe au kwenye kukausha kwako, na ndo maana ule unyevu wa nusu asilimia ni muhimu, punje zilizokaushwa mpaka sifuri ni kokoto.

Kitu kingine ni jinsi ya kukausha. Ukimwaga uji kwenye trei ukaisukumia oveni ya nyuzi 110 uwahi nyumbani, maji yanapopanda kwenda kukauka juu yanabeba gundi nayo. Juu na pembeni panafanya gamba la kung'aa kama ukoko wa wali, chini unga mtupu. Ukivunjavunja na kuchekecha una punje za aina mbili kwenye ndoo moja, zingine mawe, zingine vumbi, na wastani wa gundi ukiupima unasoma sawasawa kabisa! Kausha kwa nyuzi 60 hadi 70, safu nyembamba, geuza kila dakika chache mpaka iwe na unyevu wa kushikika mkononi bila kunata, hapo isukume kwenye chekeche ya mikroni 500, acha ikauke taratibu, afu chekeche ya 250. Njia fupi ninayoipenda kwa bechi ndogo ni gramu 100 za unga na gramu 20 za mchanganyiko wa PVA wa asilimia 10, hiyo inakupa gundi gramu 2 na maji 18 tu, unakandakanda inakuwa kama unga wa kutengenezea vitumbua kabla hujaongeza tui, unachekecha moja kwa moja, maji ni machache kwa hiyo gundi haina safari ndefu.

Wenye mnara wa kunyunyizia wana ugonjwa uleule kwa sura nyingine. Tone la uji likikutana na hewa ya nyuzi 200 na kitu linafanya ngozi juu kwanza, maji ya ndani yanatafuta njia, punje inabaki tupu kama andazi lililojaa hewa, au inabonyea ikawa na shimo upande mmoja. Ukiminya, ule uwazi unakuja na wewe mpaka tanurini. Dawa yake ni uji mzito zaidi ili maji ya kutoka yawe kidogo, joto la kuingilia lipungue, na uji usiwe umetawanywa kupita kiasi, ukigandana kidogo chembe haziwahi kukimbilia kwenye ngozi zikaacha katikati patupu.

Jaribio la kuhakikisha: minya vidonge vinne kwa presha nne, 25, 50, 100 na 150 MPa (megapaskali, kipimo cha presha), vunja vyote, angalia kwa lenzi. Kama kwenye 100 bado unaona ulezi, usiongeze presha, rudi ukarekebishe gundi. Kwa dai ya milimita 20 MPa 100 ni kama tani 3.2 kwenye jeki, piga hesabu ya eneo la dai yako mwenyewe usibebe namba ya mtu.

Punje zinanata kwenye panchi, kidonge kinatoka na uso umechunika

Hapa mambo yamegeuka, punje zimekuwa laini mno. Ukiwa Dar, Tanga au Mombasa hii inakuja na masika, Machi mpaka Mei, na ukiwa na bechi uliyoifanyia majaribio Januari ikawa safi utachanganyikiwa kwa sababu hujabadilisha kitu. Kumbe hewa ndo imebadilika. PVA inanyonya unyevu wa hewani, PEG ndo zaidi, punje zilizokaa kwenye ndoo wazi usiku mmoja asubuhi sio zilezile. Weka kwenye chombo chenye mfuniko wa kubana, toa za kutumia saa moja tu, na kwa miezi hiyo punguza PEG nusu. Pima unyevu kila asubuhi kabla ya kuwasha presi. Mwenzangu wa bara kwenye ukavu ana shida kinyume na yangu kwa mchanganyiko uleule, kwa hiyo mtu akikupa resipi muulize kwanza anaishi wapi.

Kama unyevu uko sawa na bado zinanata, futa panchi kwa asidi ya steariki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, kidogo sana, inaungua yote. Stearati ya zinki nayo inateleza vizuri ila inaacha oksidi ya zinki, kwa alumina safi mi siitaki.

Kidonge kinatoka kofia, au kina mistari ya ufa ya kulala kama kurasa

Ule ufa wa mviringo karibu na juu, kipande cha juu kinanyanyuka kama mfuniko. Panchi ikiachia, kidonge kinafutuka kidogo, na sehemu iliyoshatoka nje ya dai inafutuka wakati iliyo ndani bado imebanwa. Hapo ndo panakatika.

Anza na presha. Watu wengi dawa yao ya kila kitu ni kuongeza tani, na hapa kila tani unayoongeza ndo inavyofutuka zaidi. Shusha mpaka ufa upotee, utashangaa densiti imepungua kidogo tu. Afu minya polepole, hewa ya kati ya punje inahitaji muda wa kutoka, tua kidogo kwenye presha ndogo, endelea, shikilia sekunde 10 hadi 30, achia taratibu. Unakumbuka yale mavumbi? Yanaziba njia za hewa, kwa hiyo kama hujayatoa hata ukiminya kwa upole wa aina gani kofia itatoka. Wakati wa kusukuma kidonge nje acha panchi ya juu iwe inakigusa kwa uzito mdogo. Na mpeleke fundi wa kereza dai yako akutanulie mdomo kidogo, nusu digrii inatosha, ili kidonge kifunguke taratibu badala ya kuruka. Angalia pia kama ndani ya dai pamefanya mfereji pale panapominywa kila siku, hiyo ikishalika hakuna punje itakayokuokoa.

Kimetoka tanurini kina kiuno, au upande mmoja mwembamba

Sehemu iliyominywa kidogo inasinyaa zaidi. Ukiminya kwa panchi ya juu tu, chini kunabaki na densiti ndogo, kikichomwa chini kunakuwa kwembamba. Ukiminya pande zote mbili, katikati ndo pananyimwa, unapata kiuno. Yaani umbo lenyewe linakwambia presha iliishia wapi. Msuguano wa ukuta wa dai ndo unaokula presha, kwa hiyo kirefu na chembamba hakifai kwa njia hii: panchi moja usizidishe urefu wa nusu ya kipenyo, panchi mbili usizidi kipenyo chenyewe. Zaidi ya hapo nenda kwenye kuminya punje ndani ya mfuko wa mpira uliozungukwa na maji au mafuta ya presha, hivo ndo wanavyotengeneza kaure nyeupe ya plagi za magari.

Na kusinyaa kwenyewe unaweza kukikokotoa. Kibichi asilimia 57 ya ile 3.98, kilichoiva asilimia 98, gawa ya kwanza kwa ya pili, tafuta kipeuo cha tatu unapata 0.835, kwa hiyo kila upande unapungua asilimia 16.5. Kidonge cha 20 kitatoka 16.7. Kikitoka 17.5 hakijaiva au kibichi kilikuwa kizito kuliko ulivyodhani, rudi kwenye daftari.

Malengelenge, ufa wa katikati, au kiini cheusi

Gundi imetoka kwa haraka au haikupata hewa. PVA inavunjika kati ya nyuzi 200 na 500, hapo katikati panda kwa nyuzi 1 kwa dakika, kipande kikiwa kinene kuliko sentimita moja nenda nusu ya hapo. Acha tundu la tanuru wazi. Weusi ni kaboni iliyokosa oksijeni. Ukishapita 600 unaweza kukimbia. Gundi asilimia 5 kwa sababu tu kidonge kibichi kilikuwa kinavunjika, hapana, rudi kwenye lile suala la punje ngumu, shida yako haikuwa uchache wa gundi.

Hakijakaza

Jaribio la wino: tone la wino wa bluu, subiri dakika 10, osha. Doa likibaki, matundu bado yako wazi. Ukitaka namba, chemsha kidonge kwenye maji masaa kadhaa, pima uzito kikavu, kikiwa kimening'inia ndani ya maji, na kikiwa kimeloa kimefutwa juu. Chukua uzito wa kilicholoa toa wa kilichoning'inia, afu gawa uzito wa kikavu kwa jibu hilo, hiyo ndo densiti.

Alumina safi inataka 1550 hadi 1650, saa moja mpaka mbili. Tanuru la ufinyanzi la 1280 halitafika huko hata ukiliombea, na kipimajoto cha nyaya mbili (thermocouple) cha aina ya K hakiaminiki kwenye joto hilo, tumia aina ya S au B. Ila kama joto lilifika, unga ni laini, na densiti imegoma kwenye asilimia 94 au 95, kivunje uangalie tena kwa lenzi. Ukiona ulezi, unajua pa kwenda.

Kama hauoni ulezi ila fuwele zimekua kubwa zimefungia matundu ndani, hapo ndo kidogo cha magnesia (oksidi ya magnesiamu) kinasaidia, robo asilimia au chini, changanya kwenye uji sio kwenye punje kavu. Ni ugunduzi wa mtafiti Coble kule General Electric Marekani, hataza yake ilitoka 1962, na ndo uliowezesha mrija wa alumina unaopitisha mwanga ndani ya zile taa za barabarani za rangi ya chungwa. Kila nikipita chini ya taa ile usiku naukumbuka mrija ule, hauna tundu hata la kuzuia mwanga, na nao ulianza kama unga kwenye beseni.

Madoa ya kahawia au meusi

Chuma. Kinu cha chuma, chekeche yenye kutu, mipira ya chuma. Pitisha sumaku kwenye punje, hamia kwenye mipira ya alumina na chekeche ya nailoni.

Vitundu vya mviringo kabisa, safi, kama vya pini

Povu. Uji wenye PVA ukikorogwa kwa kasi unatoa povu kama sabuni. Weka gundi mwishoni, koroga taratibu kwa mwiko, funika, acha ulale mpaka kesho.